Springi ya Mtu Mwingine

Kila baiskeli ya mtumba inayoshushwa Korogwe imeshambeba mtu mwingine. Sisi tunaangalia rangi, tunabinya tairi, tunazungusha pedeli, tunauliza bei, tunapunguziwa kidogo, tunaondoka nayo. Hatuulizi yule wa kwanza alikuwa mnene au mwembamba, alikuwa anapita lami au porini. Na nani ana muda wa kuuliza hayo gulioni? Lakini baiskeli haisahau. Ile ya gia yenye shokapu mbele ndiyo inayokumbuka kuliko zote, maana ndani ya miguu yake miwili kuna springi, na kila springi imetengenezwa kwa kukisia uzito wa mtu fulani.

Dada yangu anaishi upande wa Handeni. Kutoka Korogwe unavuka Mto Pangani, unashika lami ya kwenda Handeni mjini, kama kilometa 65 hivi, na kabla hujafika unaiacha na kuingia barabara ya vumbi jekundu. Huko ndiko anakofanya kazi. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Anapita nyumba kwa nyumba: anapima watoto, anawakumbusha wajawazito tarehe za kliniki, anauliza nani ana homa na tangu lini. Nyuma ya baiskeli anafunga begi lenye mizani ya kuning'iniza, daftari la kaya na chupa ya maji. Baiskeli yenyewe aliinunua kwa fedha alizodunduliza mwenyewe, na aliichagua yenye shokapu kwa sababu aliijua njia yake. Wakati wa kiangazi barabara ile inafanya vijituta vya mfululizo, kama bati la nyumba. Ukipita kwa mguu huvioni. Ukipita kwa baiskeli vinakuhesabu meno.

Shida ni kwamba shokapu ilikuwa ngumu kama mchi. Ukiegemea usukani kwa nguvu zote inashuka kidogo, halafu inagoma. Mwezi wa kwanza alivumilia. Mwezi wa pili akaanza kupata ganzi kwenye kidole kidogo na kile cha pete, mikono yote miwili. Mwezi wa tatu ganzi haikuondoka hata usiku. Yeye ni mtu wa afya, hakuhitaji kuambiwa: kuna mshipa wa fahamu unaopita pembeni mwa kiganja, pale pale panapoegemea usukani, na ukigongwa kila siku unalalamika kupitia vidole hivyo viwili. Kilichomuogopesha ni mwandiko wake. Kwenye daftari la kaya tarakimu zilianza kuyumba. Moja ikafanana na saba. Na katika kazi yake, tofauti ya moja na saba ni uzito wa mtoto.

Kiswahili kinautani wakati mwingine. Sehemu ile ya mbele inayoshika gurudumu tunaiita uma. Basi alikuwa na uma unaouma.

Fundi wa kwanza, wa huko huko Handeni, aliitazama dakika moja tu akatoa hukumu: chomelea. Yaani shokapu ipigwe moto pande zote mbili isibonyee tena, au itolewe kabisa iwekwe uma wa chuma wa Phoenix. "Hii ni urembo tu, dada," alisema. "Inakupa uzito bure."

Msimcheke. Hoja yake ina mizizi. Baiskeli zilizoijenga nchi hii hazikuwa na shokapu. Phoenix ya Mchina, Swala yetu iliyokuwa ikiunganishwa Dar es Salaam, Avon ya Mhindi: zote zina uma wa chuma uliopinda mbele taratibu, na ule mpindo peke yake unameza mtikisiko kidogo. Baiskeli inayobeba madumu manne ya maji imebeba kilo 80 kabla mwenye nayo hajapanda. Mzigo kama huo hautaki kitu kinachodunda. Unataka chuma kinyamaze. Kwa mafundi wetu wengi, kitu chochote kinachobonyea mbele ni mahali pa kuvunjikia.

Shokapu ya baiskeli ilitokea kwingine kabisa, na kwa sababu nyingine. Mwaka 1989, huko Marekani, Paul Turner, mtu aliyetokea kwenye pikipiki za mashindano, alianzisha kampuni ya RockShox na kuanza kuuza uma wenye kubonyea kwa ajili ya baiskeli za milimani. Mwaka uliofuata, 1990, mashindano ya dunia ya baiskeli hizo yalifanyika Durango, Colorado, na Greg Herbold akashinda mbio za kuteremka mlima akiwa na uma wa kampuni hiyo. Baada ya hapo kila kiwanda kikataka shokapu, hata kwenye baiskeli za bei ya chini ambazo hazitaona mlima maisha yao yote. Hizo za bei ya chini ndizo, baada ya miaka kadhaa kwenye gereji la mtu, zinazopakiwa kwenye kontena na kutufikia sisi. Nazo za bei ya chini kwa kawaida zina springi ya chuma, tena ya ugumu mmoja. Kiwanda hakimjui mnunuzi, kwa hiyo kinachagua mtu wa wastani wa kwao: mwanaume, mtu mzima, aliyeshiba.

Dada yangu hakutaka kuchomelea. "Nikichomelea," alisema, "nimenunua baiskeli nzito isiyo na kazi. Bora nirudi kutembea." Na kutembea maana yake ni nyumba chache kwa siku. Akapakia baiskeli juu ya basi akaja nayo Korogwe.

Fundi tuliyempelekea ana kibanda chake Manundu. Ni mzee, anafanya kazi akiwa amekaa kwenye kigoda, na redio yake imefungwa kwa mpira wa tyubu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wanangu. Imefanyaje?"

"Ngumu, mzee. Haibonyei."

"Ngumu vipi?"

Nakumbuka tulivyotazamana. Miezi mitatu watu walikuwa wametuambia ni ngumu, wengine wakasema ndivyo zilivyo, mmoja akataka kuipiga moto, lakini hakuna aliyeuliza ngumu vipi. Mzee akaona tumekwama, akatufafanulia. Kuna ngumu ya kufungwa, kuna ngumu ya kubanwa, kuna ngumu ya uchafu, na kuna ngumu yenyewe. Ukitibu moja kwa dawa ya nyingine unaharibu kitu kizima.

Akaanza na ya kufungwa. Juu ya mguu wa kulia wa shokapu kuna kifuniko cha plastiki, kipana kidogo kuliko kizibo cha soda, chenye maandishi yaliyofutwa na jua. Ukikizungusha upande mmoja shokapu inajifunga isibonyee. Waliiweka kwa ajili ya kupanda kilima cha lami, nguvu za miguu zisipotee kwa kudunda. "Wapo wanaokuja hapa shokapu nzima kabisa, imefungwa tu," alisema. "Nazungusha, nawapa, wanaona nimefanya uchawi." Ya dada haikuwa imefungwa. Mguu wa kushoto una kifuniko kingine, hiki kina alama ya kujumlisha na ya kutoa, na kilikuwa kimekazwa hadi mwisho wa kujumlisha. Akakirudisha hadi mwisho wa kutoa. Ikalegea kidogo, si sana. Kumbe kile kifuniko hakibadilishi springi. Kinaibana tu kabla hujapanda, ili ianze kazi ikiwa imeshakunjwa. Springi ngumu inabaki kuwa springi ngumu.

Ya pili, ya kubanwa. Hapa ndipo niliposogeza kigoda changu karibu. Alilegeza nati mbili za gurudumu la mbele, za kulia na kushoto, kisha akabonyeza usukani. Shokapu ikashuka. Akakaza nati, ikagoma. Akalegeza, ikashuka. Akatutazama kama mwalimu anayesubiri darasa lijibu.

Gurudumu lile halikuwa la kwake. Mahali fulani katika safari zake baiskeli ilibadilishiwa gurudumu la mbele, ikawekwa lenye habu nyembamba ya baiskeli nyingine. Pengo kati ya miguu ya uma kama ule linatakiwa kuwa milimita 100. Habu ikiwa nyembamba kuliko pengo, ukikaza nati unaivuta miguu ya uma ikaribiane kwa chini. Mirija ya juu inakuwa haishuki sambamba tena. Ni kama droo ya kabati unayoivuta upande mmoja: haijaharibika, imekaa mshazari. Dawa yake ilikuwa washa mbili za chuma, moja kila upande wa habu, ili gurudumu lijaze nafasi yake bila kuvuta mtu. Kazi ya dakika tano. Tungechomelea, washa mbili zingetushinda milele.

Ya tatu ilichukua mchana. Akageuza baiskeli juu chini, akafungua bolti zilizo chini ya miguu kwa alenki, akaweka kipande cha mti na kugonga taratibu, akavuta. Miguu ikatoka. Kwanza yakamwagika maji ya rangi ya chai. Halafu tukaona grisi, kama unaweza kuiita grisi: ilikuwa imekauka na kuwa kama nta, na juu yake limeganda vumbi la Handeni, jekundu, laini kama unga wa muhogo. Udongo uwahi ungali maji, wanasema wazee. Huu haukuwahiwa. Kila aliposukuma usukani, dada alikuwa anasukuma tope kavu.

Mzee aliosha kwa maji na sabuni ya unga, akakausha kwa kipande cha kanga. Petroli hakuigusa, ingawa kopo lake lilikuwa pembeni. Petroli inavimbisha ile mipira ya mdomoni inayozuia vumbi, na mipira ikivimba inabana mirija, umerudi ulikotoka. Oili chafu nayo hakuigusa. Sisi tunaipaka oili chafu kila mahali, kwenye cheni, kwenye bawaba za mlango, lakini kwenye shokapu inafanya kazi ya gundi: kila vumbi linalopita linapata pa kukaa. Alipaka grisi mpya, kiasi, ndani ya bushi na chini ya mipira. Mipira yenyewe ilikuwa na nyufa ndogo. Ya kubadilisha haikupatikana mjini, kwa hiyo ilirudi ile ile, safi.

Hapo shokapu ilikuwa inatembea. Mimi ningelipa nikaondoka. Mzee akasema bado.

Alichukua mpira mwembamba, ule wa kufungia noti, akauzungusha kwenye mrija na kuusogeza chini mpaka ukagusa mdomo wa mguu. Akamwambia dada apande taratibu, akae kama anavyokaa akiwa safarini, mikono kwenye usukani, halafu ashuke taratibu. Mpira ukabaki pale uliposukumwa. Akapima kwa rula: milimita 9. Kisha akapanda yeye mwenyewe, mtu wa kilo 80 na ushee. Milimita 19.

"Shokapu hii inabonyea milimita 80 kwa jumla," alisema. "Ukikaa tu, kabla hujatembea, inatakiwa ishuke kama robo. Ishirini hivi. Mimi inanifaa. Wewe haikufai. Unapima kilo ngapi, mwanangu?"

Dada akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kifua. Yeye ambaye kazi yake ni kupima watu. Ambaye ana mizani ndani ya begi. Ambaye anajua kwa kichwa kwamba dawa ya mseto ya malaria haitolewi kwa kukisia: mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 kidonge kimoja kwa dozi, chini ya 25 viwili, chini ya 35 vitatu, na kuanzia hapo vinne. "Mtoto nampa dawa kwa kilo zake," alisema, "na mimi nimepanda springi ya mtu mzima wa kwingine." Anapima kilo 46.

Ule ushukaji wa mwanzo mzee aliuita kukaa. Baiskeli lazima ikae kidogo ukiipanda. Alitumia mfano wa kitanda cha kamba: kamba za mkonge zikikazwa sana hulali, unalala juu ya ubao, zikilegea mno mgongo unagusa sakafu. Kitanda kizuri kinakukubali kidogo, halafu kinakubeba. Nimesoma maelezo mengi ya jambo hili kwa Kiingereza, yenye michoro na asilimia, na bado sijaona yanayoshinda kitanda cha kamba. Sisi wapenzi wa vitabu huwa tunalalamika kwamba lugha yetu haina maneno ya ufundi. Mara nyingine maneno yapo kwenye vibanda, yameketi kwenye vigoda. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaandika.

Ilibaki ngumu yenyewe. Mzee ana bati la maziwa limejaa springi alizotoa kwenye shokapu zilizokufa. Alimwaga zote juu ya gunia, akatafuta zenye urefu na upana sawa na ya dada, akapata mbili, akachagua moja ambayo waya wake ulikuwa mwembamba kidogo. Kwa jicho sikuona tofauti. Aliniambia niziminye kwa mkono, na mkono ukaona. Hesabu yake ipo na inashangaza: springi mbili zikifanana kwa kila kitu, waya ukipungua unene kwa sehemu moja tu katika kumi, springi inapoteza karibu theluthi ya ugumu wake. Ndiyo maana vitu viwili vinavyofanana machoni vinaweza kuwa tofauti kabisa mikononi.

Akafunga kila kitu. Dada akapanda tena. Milimita 17.

"Inatosha," mzee akasema. Akaongeza mambo mawili ambayo hatukumuomba. Upepo wa tairi la mbele ulikuwa umejazwa hadi likawa jiwe, kwa hofu ya miiba; akaupunguza, kwa sababu tairi ndiyo shokapu ya kwanza, na springi haiwezi kusaidia mtikisiko ambao tairi limeukataa. Na siti ilikuwa imeinama mbele, inamteremsha mtu na kumwaga uzito wake wote viganjani, akainyoosha. Kisha akamtuma dada akapige mzunguko kwenye njia mbovu, mpira ule ukiwa bado kwenye mrija. Aliporudi, shimo kubwa kuliko yote aliyopita lilikuwa limeusukuma hadi milimita 68. Haikugonga chini. Bei ya yote haikufika ya tairi moja jipya.

Nimelifikiria sana swali la yule mzee. Tunaishi kwa vitu vilivyopimwa kwa miili ya watu wengine, na tumekuwa hodari wa kujipunguza na kujiongeza ili tuvifae. Kiatu kikubwa tunajaza karatasi. Suruali ndefu tunakunja. Kitu kikigoma kabisa tunakipiga moto, tunasema afadhali kinyamaze. Na mtu akiumia tunamwambia atazoea. Dada yangu aliambiwa hivyo na watu wanaompenda. Sidhani kama walikuwa na nia mbaya. Mtumba umetufundisha kwamba kitu ni hicho hicho kilivyokuja, wa kubadilika ni wewe. Lakini ndani ya kile kitu kulikuwa na bolti mbili, na bolti imewekwa ili ifunguliwe.

Vidole havikupona siku ile. Mshipa ukishagongwa miezi mitatu unarudi kwa miguu, haurudi kwa basi. Wiki ya tatu kidole cha pete kikaamka. Kidole kidogo cha kushoto bado kinasinzia asubuhi. Mwandiko umetulia, moja ni moja na saba ni saba.

Mwenzenu amefungua ukurasa mwishoni mwa daftari lake binafsi, ameuchora mistari kama kadi ya mtoto ya kliniki. Kila mwezi anafunga mpira kwenye mrija, anakaa, anashuka, anapima, anaandika. Mwezi wa kwanza 17. Wa pili 17. Wa tatu 15. Ikifika 12, anasema, atajua vumbi limeshaingia tena, na atapakia baiskeli kwenye basi la Korogwe.